Wazo la ‘jeki’ ya mgongo lilimpa daktari mamilioni, lakini jina lake halikuandikwa

Na MWANDISHI WETU

UKIWAHI kupata pancha barabarani, unaijua ile jeki ndogo inayojikunja kama mkasi. Unaisukuma chini ya gari ikiwa imelala, unazungusha skrubu pole pole, na mikono yake inainuka ikibeba gari zima. Ukimaliza unazungusha upande wa pili, inajikunja, unairudisha kwenye buti na safari inaendelea.

Sasa waza jeki kama hiyo, ila iwe ndogo kama ncha ya kidole chako, na badala ya gari iinue mifupa ya mgongo wa mtu aliyelala kwenye meza ya upasuaji.

Daktari mmoja wa Texas, Marekani, aliwaza hivyo hivyo. Sabatino Bianco ni mpasuaji wa ubongo na uti wa mgongo. Mwaka 2007 aliweka wazo lake kwenye michoro, akaipeleka kwa kampuni ya Globus Medical ya Pennsylvania inayotengeneza vifaa vya mgongo. Baada ya miaka mitano walikuwa mahakamani.

Mwisho wa yote, Bianco alipata mamilioni ya dola. Lakini alipoomba jina lake liandikwe kwenye hataza za kampuni hiyo kama mmoja wa wabunifu, mahakama ilimwambia hapana.

Inawezekanaje mtu alipwe kwa sababu wazo lake lilitumiwa, halafu aambiwe si mbunifu? Kama wewe ni mmoja wa wale vijana wanaotembea na daftari la mawazo, au una programu ya simu unayotaka kuipeleka kwa kampuni kubwa, hii kesi inakuhusu hata kama mgongo wako uko sawa kabisa.

Mgongo una shida gani?

Uti wa mgongo umejengwa kwa mifupa midogo iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Mifupa hiyo inaitwa pingili. Kati ya pingili moja na nyingine kuna diski, kitu chenye ukingo mgumu na ute laini ndani, kinachofanya kazi kama shokomzoba ya gari.

Diski ikichakaa au ikipasuka, pingili zinakaribiana na neva zinazopita hapo zinabanwa. Maumivu yanaanzia kiunoni yakishuka hadi mguuni. Kuna wanaokufa ganzi, kuna wasioweza kusimama dakika kumi. Wengi hupata nafuu bila kisu: mazoezi, dawa na muda. Kwa wachache wasiopata nafuu, daktari anaweza kuamua kuitoa diski na kuziunganisha zile pingili mbili ziwe mfupa mmoja.

Ili mifupa iungane, ile nafasi iliyoachwa na diski lazima ijazwe. Kwa miaka mingi madaktari walikata kipande cha mfupa kutoka kwenye nyonga ya mgonjwa huyo huyo na kukipachika mgongoni. Kwa hivyo mtu anaingia kutibiwa mgongo, anatoka na vidonda viwili. Na kile kipande wakati mwingine kilisagika au kikahama kabla mifupa haijashikana.

Farasi walitangulia

Suluhisho lilipitia kwa farasi, na huu si utani. Kuna ugonjwa unaobana uti wa mgongo wa farasi shingoni hadi anayumba kama mlevi. Daktari wa mifupa George Bagby, wa mji wa Spokane katika jimbo la Washington, alishirikiana na daktari wa mifugo Barrie Grant kutumia kikapu kidogo cha chuma chenye matundu. Ndani ya kikapu unatia vipande vya mfupa. Chuma kinabeba uzito, mfupa unaota kupitia yale matundu, na pingili zinaungana.

Farasi walisimama. Hata Seattle Slew, bingwa aliyeshinda mataji yote matatu makubwa ya mbio za farasi Marekani mwaka 1977, alifanyiwa upasuaji wa aina hiyo uzeeni, mwaka 2000.

Wazo hilo liliboreshwa kwa ajili ya binadamu, na mwaka 1996 mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, FDA, iliidhinisha kizimba cha kwanza cha aina hiyo kwa upasuaji wa kiuno. Kiliitwa BAK, herufi zilizotokana na majina ya Bagby na mwenzake Kuslich. Soko likafunguka, na pale penye soko la mabilioni, mawakili hawako mbali.

Tatizo la saizi

Vizimba hivyo vya mwanzo vilikuwa na kasoro moja: havibadiliki urefu. Ni kama kununua viatu. Daktari anajaribu saizi ndogo, anaitoa, anajaribu inayofuata, anaitoa, hadi apate inayokaa sawa. Kisha anakigonga kipandikizi chenyewe hadi kiingie.

Ikiwa ni kidogo mno, kinaweza kuhama na neva zikabaki zimebanwa. Ikiwa ni kikubwa mno, kinaumiza uso wa mfupa na kuanza kuzama ndani yake. Na kila mara daktari anapoingiza na kutoa, anapita karibu na neva ambazo hazitaki kuguswa.

Hapo ndipo wazo la kipandikizi kinachopanuka linapoingia. Kinapita kwenye tundu dogo kikiwa kimejikunja. Kikishafika mahali pake, daktari anazungusha kifaa kama bisibisi na kinainuka hadi urefu anaoutaka. Akizidisha, anarudisha chini kidogo.

Michoro ya Bianco ilitumia mfumo wa jeki ya mkasi kufanya kazi hiyo. Miaka michache baada ya kuipeleka, Globus iliingiza sokoni vipandikizi vinavyopanuka: Caliber, Caliber-L na Rise. Bianco akaona wazo lake kwenye rafu za watu. Mwaka 2012 akafungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya Texas Mashariki.

Kampuni ilikana. Kesi ikaenda mbele ya juri, yaani kundi la raia wa kawaida wanaosikiliza ushahidi na kuamua nani anasema kweli, utaratibu ambao sisi hapa Kenya hatuutumii. Jaji alikuwa William Bryson, ambaye kazi yake ya kawaida ni katika mahakama ya rufaa inayoshughulikia hataza za nchi nzima. Kwa maneno mengine, huyu hakuwa mtu wa kufundishwa hataza ni nini.

Ndiyo kwa hili, hapana kwa lile

Januari 2014 juri ilirudi na jibu. Kwa dai kwamba kampuni ilivunja mkataba, walisema hapana. Kwa dai kwamba kampuni ilitumia siri ya biashara ya daktari bila haki, walisema ndiyo. Wakaagiza alipwe takriban dola milioni 4.3 kwa mauzo yaliyokuwa yamekwisha kufanyika. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati huo, ni zaidi ya Sh350 milioni.

Baadaye mwaka huo huo jaji akaongeza mrabaha wa asilimia 5 ya mauzo ya bidhaa hizo tatu kwa miaka iliyofuata. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikaukubali uamuzi huo.

Huo ni mkwanja wa maana. Lakini Bianco alikuwa na ombi lingine. Globus ilikuwa imesajili hataza za vipandikizi hivyo, na waliotajwa kama wabunifu walikuwa watu wengine. Yeye alitaka jina lake liongezwe.

Machi 2014 jaji alikataa. Ili kuelewa kwa nini, inabidi tujue hataza ni mnyama gani.

Hataza ni mapatano kati ya mbunifu na serikali. Wewe unaeleza hadharani, kwa undani, jinsi kitu chako kinavyofanya kazi. Serikali inakupa haki ya kuwazuia wengine kukitengeneza, kukitumia au kukiuza kwa muda fulani, kwa kawaida miaka 20 tangu ulipowasilisha ombi. Muda ukiisha, kila mtu yuko huru kukitumia.

Ndani ya hataza, sehemu yenye nguvu ni orodha ya madai mwishoni. Madai ni kama mawe ya mpaka kwenye hatimiliki ya shamba. Picha nzuri na maelezo matamu hayakupi hata inchi moja. Kilicho chako ni kile kilicho ndani ya mawe.

Ili uitwe mbunifu, lazima uwe umechangia kwa uzito katika kuwaza kile hasa kinachodaiwa pale. Kusema “tutengeneze kitu kinachopanuka na kujikunja” hakutoshi. Bidhaa za Globus hazikuinuka kwa mkasi. Ziliinuka kwa miteremko midogo inayoteleza ndani ya kipandikizi na kusukuma nyuso zake mbali. Kwa jaji, mchango wa Bianco ulikuwa wazo la jumla. Mfumo mahususi uliodaiwa kwenye hataza ulikuwa wa wengine.

Ukipiga hesabu, utaona jinsi sheria hizi mbili zinavyouliza maswali tofauti. Sheria ya siri za biashara inauliza: je, ulikuwa na jambo lenye thamani, ulilitunza kama siri, na mtu akalitumia vibaya? Sheria ya hataza inauliza: je, ni wewe uliyewaza kitu hiki hasa, kwa umbo hili hasa? Bianco alipita mtihani wa kwanza, akaanguka wa pili.

Mwenye karatasi zake

Linganisha na daktari mwingine. Gary Michelson alikuwa mpasuaji wa mifupa Los Angeles. Amesimulia kuwa akiwa mtoto alimwona nyanya yake akiungua mkono kwenye jiko bila kuhisi kitu, kwa sababu ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Alipokuwa daktari hakuridhika na vifaa alivyovikuta, akaanza kubuni vyake. Tofauti yake na wabunifu wengi ni kwamba kila alipobuni, alisajili. Hataza zake zinahesabika kwa mamia.

Sehemu ya ubunifu wake iliingia katika mikataba na kampuni ambayo baadaye ilinunuliwa na jitu la vifaa vya tiba, Medtronic. Uhusiano ukaharibika. Mwaka 2001 kampuni ndiyo iliyomshtaki yeye, mjini Memphis. Naye akajibu mashtaka, akidai kwamba hawakumlipa ipasavyo na hawakusukuma bidhaa zake sokoni kama walivyoahidi.

Mwaka 2004 juri ilimpa daktari mamia ya milioni ya dola. Aprili 2005 pande mbili zikamaliza ugomvi: Medtronic ikakubali kutoa dola bilioni 1.35. Kati ya hizo, milioni 550 zilikuwa za kumaliza kesi na milioni 800 za kununua hataza zake. Kwa shilingi za wakati ule, hiyo ni karibu Sh100 bilioni kwa daktari mmoja.

Angalia vizuri ule mgawanyo. Sehemu kubwa ya zile hela haikuwa fidia. Ilikuwa bei ya karatasi zilizokuwa na jina lake. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Michelson alikuwa na daftari.

Ni kweli kesi hizi mbili hazilingani kila upande. Michelson alikuwa na miaka mingi ya kazi, ubunifu mwingi na pesa za kulipa mawakili kwa miaka. Bianco alikuwa na wazo moja. Lakini nafasi ya kila mmoja kwenye meza ya mazungumzo iliamuliwa mapema, siku ambayo aliamua kusajili au kutosajili kabla ya kumwonyesha mtu mwingine.

Hataza haimalizi siri zote

Huenda unafikiri basi dawa ni kusajili kila kitu upate usingizi. Ngoja kwanza.

Kampuni ya Life Spine ya Illinois hutengeneza kipandikizi kinachopanuka kiitwacho ProLift. Ilikuwa na hataza. Ilikionyesha kwenye maonyesho ya madaktari. Ilikiuza hospitalini. Kisha ikaingia mkataba na kampuni nyingine, Aegis Spine, ya kukisambaza. Mkataba ulitaka Aegis ilinde taarifa za siri na isijaribu kukichunguza kifaa ili kujua kilivyotengenezwa.

Kilichofuata, kwa mujibu wa ushahidi ambao mahakama iliuona kuwa na uzito, ni kwamba taarifa za ProLift zilifika kwa kampuni mama ya Aegis, L&K Biomed ya Korea Kusini. Hiyo nayo ikaja na kipandikizi chake kinachopanuka, mshindani wa moja kwa moja.

Aegis ikajitetea kwa hoja ambayo ukiisikia mara ya kwanza inaonekana kali: siri gani hiyo, wakati kitu kiko kwenye hataza, kiko kwenye maonyesho na kiko sokoni? Mwaka 2021 mahakama ya rufaa mjini Chicago iliikataa. Ilikubali kwamba kilichoandikwa kwenye hataza si siri tena. Lakini vipimo kamili vya vipande vidogo, na jinsi vinavyoingiliana, havikuwa kwenye hataza. Daktari anayekishika kwenye maonyesho hawezi kuvijua kwa macho. Unahitaji kupata kifaa chenyewe na vyombo vya kupimia vya hali ya juu. Kwa hiyo zuio la muda dhidi ya kuuza kile kifaa cha mshindani likabaki huku kesi ikiendelea.

Kwa lugha ya mtaani: unaweza kumwambia dunia nzima kwamba pilau yako ina bizari nzima, mdalasini na iliki, na bado kiasi na mpangilio ukabaki wako. Mtu akikuibia kile kijitabu cha vipimo, hawezi kujitetea kwamba kila mtu amewahi kuonja pilau.

Wakubwa nao hupigana

Usidhani ni madaktari na kampuni ndogo tu. Medtronic na NuVasive ya San Diego walianza kushtakiana mwaka 2008 kuhusu teknolojia ya kuunganisha mgongo. Mwaka 2011 juri iliiagiza NuVasive ilipe zaidi ya dola milioni 100, huku Medtronic nayo ikiagizwa kulipa chini ya dola milioni moja. Rufaa zikafuatana. Mwaka 2016 wakamalizana kwa dola milioni 45. Miaka minane, na kiasi cha mwisho kilikuwa chini ya nusu ya kile kilichotangazwa kwa kishindo.

Mwaka 2013 Globus nayo iliamriwa na juri ya Delaware kuilipa DePuy Synthes dola milioni 16 kwa kukiuka hataza za vipandikizi. Miaka kumi baadaye, mwaka 2023, Globus hiyo hiyo ikainunua NuVasive katika mapatano ya takriban dola bilioni 3.1, na hataza zake zikaenda pamoja nayo. Katika biashara hii, leo unashtaki, kesho unashtakiwa, keshokutwa unamnunua jirani.

Na mgonjwa je?

Katikati ya hayo yote kuna mtu amelala kwa ubavu, anangoja mgongo uache kuuma.

Hataza zina upande mzuri kwake. Bila ahadi ya kulindwa, ni kampuni gani itamwaga pesa kutafiti, kujaribu na kuomba idhini ya kifaa ambacho mshindani atakiiga wiki inayofuata? Upande mwingine ni bei. Vipandikizi vinavyopanuka kwa kawaida ni ghali kuliko vile visivyobadilika, na gharama ya miaka ya kesi hailipwi na malaika.

Pia, kitu kupiganiwa mahakamani hakumaanishi ni dawa ya kila mtu. Watafiti bado wanabishana iwapo vipandikizi vinavyopanuka vinawapa wagonjwa matokeo bora kuliko vile vya kawaida. Vikipanuliwa kupita kiasi, navyo vinaweza kuzama kwenye mfupa. Hataza inathibitisha upya wa kitu. Haisemi kama kinatibu vizuri. Hilo ni swali la daktari wako na la utafiti.

Wewe na wazo lako

Turudi nyumbani. Hataza ina mipaka ya nchi. Ile ya Marekani haikulindi Kenya, na ya Kenya haikulindi Marekani. Hapa kwetu kazi hiyo iko mikononi mwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, chini ya sheria ya mwaka 2001. Hataza hudumu miaka 20. Kwa vifaa vidogo vilivyoboreshwa ambavyo havifiki kiwango cha hataza kamili, kuna cheti cha miaka 10, na wabunifu wengi wa karakana wangefaidika nacho kama wangejua kipo.

Kwa walio kwenye vyuo vya udaktari, kuna jambo moja la kujua: sheria ya Kenya haikuruhusu kusajili mbinu ya kumpasua au kumtibu mtu. Kifaa kinachotumika katika mbinu hiyo unaweza kukisajili. Yaani njia ya kuingia mgongoni, hapana; ile jeki, ndiyo.

Ukitoa mafunzo ya kesi hizi na kuyaweka mfukoni, ni haya:

Kwanza, andika na uweke tarehe. Michoro ya Bianco ya mwaka 2007 ndiyo iliyompa miguu ya kusimamia. Kama angeongea tu kwenye simu, sijui juri ingeshika nini.

Pili, chora hadi mwisho. “Programu ya kuunganisha watu wa boda na wateja” ni wazo la jumla. Inavyofanya hiyo kazi, hatua kwa hatua, ndiko mali yako ilipo. Kadiri unavyobaki juu juu, ndivyo mwingine anavyoweza kumaliza kazi na kuandikwa yeye.

Tatu, saini kabla ya kuonyesha. Hapa kwetu siri ya biashara hulindwa zaidi kwa mkataba, kwa hivyo karatasi ya kutunza siri itangulie maelezo. Ukiambiwa na kampuni kwamba huwa haisaini, hiyo pia ni taarifa. Waonyeshe faida ya kitu chako, ufiche utumbo wake.

Nne, usiposti mapema. Hataza hutaka kitu kiwe kipya. Katika nchi nyingi, video yako ya TikTok ukionyesha kifaa kikifanya kazi inaweza kuua upya huo hata kama mwenye video ni wewe mwenyewe. Wasilisha ombi, ndipo utafute likes.

Tano, amua mapema unataka nini. Kuna anayetaka hela, kuna anayetaka jina, kuna anayetaka kumiliki. Ni vitu vitatu tofauti, na mkataba unaweza kukupa kimoja huku ukikunyima viwili. Hata kwenye hataza, mbunifu na mmiliki huwa watu tofauti: mhandisi anaandikwa kama mbunifu, kampuni inaandikwa kama mmiliki. Soma kabla ya kusaini, na kama huelewi, lipa wakili saa moja. Ni nafuu kuliko kumlipa miaka mitano.

Bianco alitafuta hela na jina kwa pamoja, ila alivitafuta baada ya michoro kutoka mikononi mwake. Hela ilimfuata. Kwenye hataza za vile vipandikizi, ukisoma sehemu ya wabunifu leo, bado hutakuta jina lake.